Mifupa ya Bucha, Maganda ya Ndizi na Maji ya Kabiro

Karibuni, mlioko jikoni mkipika cha jioni, mlioko kwenye matatu ya 46 mkirudi nyumbani, na wewe uliyeketi kando ya mtungi wako ukingoja zamu yako ya kuchota ifike. Leo nazungumza hasa na watu wa Kabiro, na Kawangware kwa jumla, na ndugu zetu wa Kibera, ng'ambo ile ya Ngong Road. Mazungumzo yenyewe ni juu ya vitu viwili tunavyokutana navyo kila siku: mabaki ya chakula, na maji tusiyoyaamini.

Nianze na mabaki. Jioni ukipita kando ya Naivasha Road, hebu angalia chini. Mama mboga ameshamaliza kukatakata sukuma wiki, na chini ya meza yake kuna mashina, maganda ya viazi na maganda ya ndizi. Muuza mayai ya kuchemsha ana kopo lake la kachumbari, na karibu na mguu wake kuna rundo la maganda ya mayai. Hoteli ya chai imekung'uta kichujio mtaroni, majani meusi yamelala pale. Bucha nayo ina kreti ya mifupa iliyobaki baada ya wateja wa nyama na wa supu kwenda zao. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya namna hii, vitu vinavyooza. Zikipata gari, zinapelekwa Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na ambalo lilijaa zamani. Zisipopata gari, mvua inazizoa hadi mtoni.

Sasa nikuulize. Ukisikia kwamba maganda hayo na mifupa hiyo inaweza kusafisha maji, utaamini? Ninavyojua, wengi watasema hizo ni hadithi za watu wa vyuo vikuu. Lakini si hadithi. Kazi hii inafanyika, na mahali pengine imefanyika kwa miaka mingi, si mbali na hapa. Nitawapeleka Nakuru, nitawapeleka Arusha, kisha turudi Kabiro. Ila nina neno moja ambalo nitalirudia mpaka mlizoee: jua kwanza maji yako yana nini. Kabla hujauliza dawa, uliza ugonjwa.

Siri ya kazi hii iko kwenye udogo, kwa hiyo tuelewane kidogo kuhusu chembe wanazoziita nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Kwa nini mtu ahangaike na udogo kiasi hicho? Kwa sababu uchafu ulioyeyuka ndani ya maji haunaswi na tundu la kichujio, unapenya. Unanaswa na uso wa kitu, unagandama pale. Kitu kikiwa na chembe ndogo, au vijitundu vidogo, uso wake unazidi kuwa mkubwa. Kaboni iliyotengenezwa vizuri kutokana na vifuu vya nazi, gramu moja tu, inayoenea kwenye ncha ya kijiko, ina uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile tuliyoizoea, haifiki hapo. Fikiria ploti nzima ya kunasia uchafu, ndani ya gramu moja.

Haya. Uchafu gani sasa? Hapo ndipo neno langu linapoingia. Sisi watu wa mitaa hii hatunywi maji ya aina moja.

Kuna maji ya bomba la jiji. Haya mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, yanasafishwa na kutiwa klorini kabla ya kuja. Yanatoka huko yakiwa mazuri. Balaa lake ni mita mia chache za mwisho. Mnayaona mabomba yale membamba ya plastiki, yamefungwafungwa na mipira, yanapita ndani ya mtaro ule ule unaopokea maji ya choo na ya kufulia. Maji yakiwa na nguvu, yanatoka nje kupitia nyufa za bomba. Siku ya mgao nguvu inapokwisha, bomba likabaki tupu, linafyonza. Linavuta kilichoko nje kikaingia ndani. Kesho yake maji yakirudi, ndoo ya kwanza ndiyo inayobeba kila kitu. Ndiyo maana kule Kibera shirika la SHOFCO lilipitisha mabomba juu hewani, kwenye nguzo, yasiguse mtaro wala kukatwa ovyo. Mimi naona hiyo ni kazi ya maana sana, na haina nano ndani yake hata kidogo. Maji haya ugonjwa wake ni vijidudu: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara kwa watoto. Dawa yake ni klorini, au kuchemsha, na bomba zima.

Kuna maji ya visima virefu, haya tunayouziwa kwenye vioski na yanayosukumwa kwa mikokoteni. Yanatoka chini kabisa, yanang'aa, ni baridi, hayana harufu. Tunayaamini kwa sababu ni meupe. Lakini ardhi ya Nairobi ni mawe ya volkano, na mawe hayo huachia madini ya floraidi ndani ya maji. Visima vingi vya mji huu vina floraidi inayozidi kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaota ndani ya ufizi, yanatoka na madoa, na kwa wengine yanatoka ya kahawia. Anakua anaziba mdomo kwa mkono akicheka. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa na viungo. Na sikilizeni hapa, mama zangu: floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote, kwa hiyo inazidi kukolea. Wala klorini haiigusi.

Halafu kuna mto. Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, unapita Dagoretti palipo na vichinjio, ndipo unashuka kwetu. Motoine nao unaingia bwawa la Nairobi pale Kibera, lile lililozibwa na matope na magugu maji, unatoka ukiitwa Mto Ngong. Maji ya mto hatuyanywi. Lakini yanabeba damu ya vichinjio na maji ya choo, tunanyweshea nayo mboga, na mboga tunazila.

Mmeona? Maji matatu, na maradhi matatu tofauti. Anayekuja kukuuzia kitu kimoja cha kutibu yote matatu, mwogope. Jua kwanza maji yako yana nini.

Sasa twende Nakuru.

Nakuru na Naivasha wanaijua floraidi kuliko sisi, iko pale kwenye Bonde la Ufa, na ukikutana na mtu wa huko mara nyingi meno yake yanakueleza alikokulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe, ya bucha, hii hii. Inatiwa kwenye tanuri, inachomwa kwenye joto la nyuzi kama 400 hadi 500, hewa ikiwa imebanwa. Halafu inasagwa, inachekechwa, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo au tangi, na maji yanapitishwa humo polepole. Tanzania nao wana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kilichoshughulika na mkaa huo huo kwa sababu hiyo hiyo.

Mkaa huo una ufundi wake. Shika punje zake mkononi. Ni ngumu, ukubwa wa changarawe ndogo, na zilizoiva vizuri ni nyeusi au za kijivu. Ukikuta ya kahawia, haikuiva: ndani yake bado mna mafuta na nyama, nayo itakutia maji harufu ya mzoga. Ukikuta nyeupe pepe, imechomwa kupita kiasi, imefumba vijitundu vyake, itanasa kidogo sana. Fundi wa tanuri anajua kazi yake kwa rangi, kabla hata maabara haijasema.

Kwa nini mfupa? Mfupa, ukiuondolea mafuta na nyama, kilichobaki sehemu kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaliyopangika katika fuwele ndogo mno, zenye unene wa nanomita chache tu. Hakuna kiwanda kilichozitengeneza. Ng'ombe alizitengeneza alipokuwa akila nyasi. Floraidi ikipita karibu na fuwele hizo, inaingia ndani yake, inachukua nafasi ya kitu kingine na kukaa hapo. Na hilo ndilo linalotokea kwenye meno na mifupa ya mtoto. Yaani kinachomdhuru mtoto ndicho kinachotusaidia hapa: tunaipa floraidi mfupa wa ng'ombe, ijae huko, isifike kwenye mfupa wa mtoto. Kila nikilifikiria jambo hili naona uzuri wake. Kitu tunachowatupia mbwa kina uwezo huo.

Tuvuke mpaka, tufike Arusha. Yuko mhandisi anaitwa Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Alizaliwa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu, akakulia kwenye maji machafu na magonjwa yake. Akasoma mpaka shahada ya udaktari kule Korea Kusini, kisha akarudi nyumbani na kutengeneza kichujio chenye sehemu mbili: mchanga, kama tunaoujua, na chembe nano. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa mshindi wake wa kwanza, pauni 25,000. Chembe zake hazitokani na mabaki ya chakula, niseme ukweli. Zinatokana na silika na fedha, madini ya fedha. Namtaja kwa sababu nyingine. Kichujio chake hakiuzwi kwa mtindo mmoja kwa watu wote: kinarekebishwa kulingana na maji ya mahali. Maji yenye floraidi yanahitaji kitu hiki, maji yenye vijidudu kitu kile. Unaona, msikilizaji? Mtu aliyesomea chembe hizi miaka mingi naye anaanza pale pale. Anapima maji kwanza.

Na maganda je? Maganda yana kazi yake, lakini ni kazi nyingine. Ndani ya ganda la ndizi na la chungwa mna kitu kinaitwa pektini, kile kinachogandisha jemu. Pektini hubeba chaji hasi. Madini mazito kama risasi na shaba, yakiyeyuka majini, huwa na chaji chanya. Vinavutana. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo yao: walisaga maganda ya ndizi, wakapitishia maji ya mto Paraná, na risasi na shaba vikanaswa, na waliweza kutumia maganda yale yale mara 11 kabla hayajachoka. Ukitaka kwenda mbali zaidi, ganda linakaushwa, linachomwa bila hewa, likawa kaboni yenye vijitundu, kama ile niliyowaeleza. Maganda ya mayai yakichomwa yanageuka chokaa, nayo hunasa fosfeti na baadhi ya metali. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa bado yana ule ukali wa chai, na ukali huo ukichanganywa na chumvi ya chuma kwenye maabara hutoa chembe nyeusi za chuma, za nano, zinazoweza kuvunjavunja rangi za viwandani. Vyuo vingi duniani vinafanya majaribio haya, na ni majaribio ya kweli.

Lakini risasi haiko kwenye ndoo ya kila mtu. Ukiwa unaishi karibu na gereji ya betri, au mahali wanapoyeyusha vyuma, hapo risasi iwe swali lako. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua risasi ni nini. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu watoto wao, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sisi wa Kabiro, hatari yetu ya kila siku ni vijidudu kwenye bomba na floraidi kwenye kisima. Ganda la ndizi halitibu hata moja kati ya hizo mbili.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu najua tunavyosikia jambo redioni tukakimbia kulijaribu. Usichukue maganda ya ndizi ukayatia kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Ganda bichi likikaa majini linaoza, linatia rangi, na linawalisha vijidudu wale wale unaowakimbia. Usichome mifupa kwenye debe nyuma ya nyumba. Utawatia majirani moshi na uvundo, na mkaa utakaoutoa hutajua kama umeiva. Hii ni kazi ya tanuri, ya kipimo, na ya mtu anayewajibika. Na mkaa wa mifupa, hata ule mzuri wa Nakuru, hauui vijidudu. Maji yakitoka humo bado unayatia dawa ya maji. Nirudie: mkaa wa mifupa kwa floraidi, klorini kwa vijidudu, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Tena kuna jambo ambalo wanaotangaza teknolojia hizi hulipita haraka, na mimi sitaki kulipita. Kitu kinachonasa, hujaa. Mkaa wa mifupa ukijaa floraidi, unaacha kunasa, na maji yanatoka vile yalivyoingia. Macho hayatakuonyesha; maji ni meupe vile vile, ladha ni ile ile. Lazima mtu apime kila baada ya muda na kuubadilisha, au kuuosha kwa magadi makali ya kiwandani ili utumike tena. Na yale maganda yaliyonasa risasi, utayatupa wapi? Ukiyatupa kwenye shamba la sukuma wiki kando ya mto, umeirudisha risasi kwenye sahani. Mradi wowote utakaokuja mtaani na ndoo mpya zinazong'aa, muulizeni mwenyewe maswali mawili: nani atapima baada ya mwaka, na kilichojaa kitapelekwa wapi? Asipokuwa na jibu, ndoo zake zitaishia kuhifadhia unga. Tumeziona nyingi za namna hiyo.

Na mali ghafi yenyewe, ni ya nani? Tusidhani kwamba mabaki yetu yanakaa bure yakimsubiri mwanasayansi. Maganda ya viazi yana mbuzi wake, na nguruwe wake. Mifupa ina watu wanaopita kuikusanya na kuiuza kwa wanaosaga chakula cha mifugo. Kule Kibera kuna mafundi wanaochonga mifupa hiyo wakapata hereni, mikufu na vifungo, na wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tanuri la mkaa wa mifupa likija, litanunua mfupa kwa bei, kama wengine wanavyonunua. Na mimi naona ni sawa. Aliyekusanya mfupa alipwe. Kilicho bure kweli ni vile vitu visivyotakiwa na mtu, kama maganda ya mayai na makapi ya chai, lakini hivyo navyo vimekwisha kuchanganywa na nepi na chupa katika mfuko mmoja. Ganda lililolala na nepi halitengenezi kitu cha kusafisha maji ya mtu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka tutenge taka zinazooza na zile zisizooza. Ni sheria nzuri. Lakini kutenga kunahitaji ndoo mbili pale pale chini ya meza ya mama mboga, na kijana wa mkokoteni anayezichukua bila kuzichanganya tena akifika kona ya pili. Ndoo hizo mbili kaunti na wenye ploti wanaweza kuzileta mwezi huu, na hazihitaji maabara.

Kuna uchafu mwingine ambao sitaki mtu yeyote aniambie eti nano itautibu. Damu ya kichinjio mtoni, maji ya choo mtaroni: dawa yake ni mfereji wa majitaka uliofunikwa na kituo cha kuyasafisha. Jiji linadaiwa mfereji huo na watu wake. Tusikubali ndoo ya mkaa iwe jibu la deni hilo.

Basi, tufanye nini sisi, leo? Kisima kirefu kinachochimbwa kwa kibali hupimwa maji yake, na vibali hivyo hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maana yake ni kwamba kisima unachonunua maji yake, kama kilifuata sheria, kina karatasi ya vipimo mahali fulani. Muulize mwenye kioski, kwa heshima, "Mzee, karatasi ya vipimo vya maji iko wapi?" Akikuonyesha, tafuta mstari wa floraidi. Kama umeandikwa 1.5 au chini yake, kunyweni bila hofu ya floraidi. Kama umezidi, maji ya mtoto mdogo ya kunywa na ya uji yatoke kwingine, hata kama ni mtungi mmoja wa bomba uliotiwa klorini, na ya kisima mfulie na kuoshea. Wanachama wa chama, au walimu wa shule iliyochimba kisima chake, wanaweza kuchanga na kupeleka chupa ya maji maabara; kipimo cha floraidi si kitu kigumu. Mkishapata namba hiyo, ndipo mtu wa mkaa wa mifupa ana haki ya kuja kuzungumza nanyi, na nyinyi mna cha kumwambia.

Muda wangu umekwisha, wapenzi wasikilizaji. Mtakaopata karatasi hizo, tupigieni simu studioni mtusomee mstari wa floraidi na mtutajie mtaa wenu, tuwasomee na wengine kwenye kipindi kijacho.